Kwa nini kurasa zinazomaliziwa baada ya mchoraji kufariki huonekana baridi, hata mkono ukiigwa vizuri?

#1 · FundiRasimu
Wakuu, salaam. Naleta swali kwa wanaoijua kazi hii kwa mikono.

Mezani kuna kitabu cha katuni cha kurasa 64. Mwandishi ndiye mchoraji, kijana, amefariki kikiwa njiani. Familia imeridhia kwa maandishi kimaliziwe na kitoke kwa jina lake. Hali yake ni hii: kurasa 1–22 zimepigwa wino na maneno yamo. 24–31 ni penseli safi. 32–45 ni vijirasimu vya ukubwa wa kiganja. 46–58 ni skripti tu. 59–64 hakuna kitu, isipokuwa sentensi moja daftarini: "Anarudi kisimani, lakini safari hii hachoti."

Ukurasa wa 23 ndio mgumu kuliko zote. Nusu wino, nusu penseli. Mkono wa bibi umepigwa wino hadi kwenye kifundo, vidole vyote vitano bado ni penseli.

Wachoraji wawili wazoefu wamepiga wino ukurasa wa 24 kwa majaribio, kila mmoja kwa njia yake. Sura zinafanana, nguo zinafanana. Lakini ukiuweka baada ya ukurasa wa 22, mtu yeyote anaunyooshea kidole papo hapo: huu siyo wake. Kinachokosekana ni nini? Na je, mshono kati ya kazi yake na ya wamaliziaji, tuufiche au tuuache uonekane?

#2 · NibuKongwe
Kinachokosekana ni kasi. Mstari wa mwenyewe umepita mara moja; wa mwigaji umepita huku unachungulia. Chukua lenzi utazame: mstari wa haraka huanza mwembamba, hunenepa katikati, humalizika kama mkia wa panya. Wa kuiga una unene uleule mwanzo hadi mwisho, na kingo zake zina vitetemeshi kwa sababu mkono unalisubiri jicho.

Dawa yake: kila mhusika achorwe mara 50 kwa kukariri kabla ya kugusa ukurasa wowote. Siku ya kupiga wino, asili, yaani kurasa alizochora yeye mwenyewe, ikae chumba kingine.

#3 · SitiYaMbele
Uzi wa maana huu. Naweka kambi.

#4 · RulaNaDira
Kasi sawa, lakini naomba nitofautiane na #2. Anzeni na rula. Asili zilichorwa kwenye karatasi ya ukubwa gani, na majaribio yenu mmeyachora kwenye ukubwa gani?

Kama asili ni A3 na kitabu ni A4, mchoro unapunguzwa hadi asilimia 71 hivi. Mstari wa milimita 0.5 unaingia kitabuni ukiwa 0.35. Mtu akichora moja kwa moja kwenye A4 kwa kalamu ileile, mstari wake unabaki 0.5, yaani mnene kwa zaidi ya theluthi. Na si unene tu. Kupunguza mchoro kunaukaza: mitetemo inamezwa, vistari vya kivuli vinasogeleana. Ukurasa ambao haukupunguzwa unakaa legelege pembeni ya wenzake.

Kupima ni rahisi. Skani asili kwa dpi 600 (vitone 600 kwa inchi), kuza, hesabu pikseli. Kwa dpi hiyo milimita 0.5 ni pikseli 12 hivi. Pima mistari 20 ya nje ya uso, 20 ya nguo, 20 ya mandhari, kila kundi peke yake. Usichanganye, maana wachoraji wengi wana unene tofauti kwa kila kundi na hawajui kama wanao.

#5 · FundiRasimu
#4 umegusa penyewe. Asili ni A3, kitabu A4, na jaribio la kwanza lilichorwa A4. Tunalirudia.

Ila jaribio la pili lilifanywa kwenye kompyuta, turubai ya A3 kamili, dpi 600. Nalo ni baridi vilevile.

#6 · LeyaTisa
Hilo la kompyuta, mwambie afungue mipangilio ya brashi aangalie stabilaiza. Programu nyingi zinakuja ikiwa imewashwa, na wengi wanaipandisha juu ili mstari unyooke. Inanyoosha kweli, na hapohapo inafuta mikato yote midogo ambayo ndiyo sahihi ya mkono wa mtu. Aishushe hadi karibu na sifuri, azime pia ile huduma ya kurekebisha mstari baada ya kuuchora. Tena asikuze zaidi ya asilimia 100 wakati wa wino. Ukikuza hadi 400 unaanza kuchora kope mojamoja, vitu ambavyo mwenye karatasi hakuwahi kuviona.

#7 · KaratasiSafi
Jamani, kabla hamjaenda mbali. Asili ziko wapi sasa hivi? Naona mnazungumzia wino na hakuna aliyetaja usalama wa karatasi.

Mtu yeyote asipige wino juu ya penseli ya marehemu. Hata kama ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akifanya. Penseli ile ndiyo mstari wa mwisho alioacha, ukishapita na kifutio haurudi. Fanyeni hivi:

Kila ukurasa ulazwe chali, usiviringishwe, na katikati ya kurasa kuwe na karatasi laini isiyo na asidi ili risasi ya penseli isisuguane. Kama kuna selotepu, iacheni. Kuibandua ni kazi ya mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, mara nyingi inaondoka na ngozi ya karatasi. Kurasa zenye rangi za kalamu za maka zikae gizani kwa sababu maka hupauka kwa mwanga.

Skani kwa RANGI, hata kama mchoro ni wa penseli nyeusi tu. Dpi 600, faili ya TIFF, siyo JPEG inayopunguza ubora. Zimeni kila kitu kinachojirekebisha chenyewe kwenye skana: kung'arisha, kuondoa madoa, kunoa. A3 haiingii kwenye skana ndogo, hivyo skani vipande viwili vinavyopishana angalau sentimita 3 ndipo muunganishe. Nakala tatu, moja ikae jengo lingine.

Halafu wino upigwe juu ya nakala. Geuzeni penseli iwe samawati hafifu, asilimia 15 hivi, muichapishe kwenye karatasi ngumu ya A3, pigeni wino juu yake. Mkiskani tena kwa rangi, chukueni chaneli ya bluu peke yake (skani ya rangi ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu): samawati inatoweka, wino unabaki. Hakuna kufuta kitu.

#8 · Mchapaji_wa_Usiku
Dpi 300 zinatosha, wakuu. Mnajaza diski bure.

#9 · RulaNaDira
#8 hapana. 300 inatosha kwa picha za rangi kwa ukubwa wa kuchapa. Mstari mweusi mtupu unahitaji zaidi kwa ukubwa wa kuchapa, 1200 ikiwezekana; ukiwa chini mno kingo zinatoka na meno. Asili ya A3 ikiskaniwa kwa 600 na kupunguzwa kwenda A4 inafikia 850 hivi. Inakubalika. Kwa 300 mngefika 425 tu.

#10 · Mchapaji_wa_Usiku
Nimekusoma. Nilikuwa nafikiria kurasa za rangi.

#11 · NibuKongwe
Swali dogo kwa mleta uzi: marehemu alikuwa anatumia mkono gani, na hao wawili wanatumia upi? Tazama vivuli vya mistari sambamba. Mwenye mkono wa kulia kwa kawaida vistari vyake vinapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Mwenye shoto ni kinyume chake. Ndivyo michoro ya Leonardo da Vinci inavyotambulika.

#12 · FundiRasimu
Nimekagua. Marehemu alitumia mkono wa kulia. Huyu wa kompyuta ni mwenye shoto, na vivuli vyake vyote vimelalia upande mwingine. Tumeutazama ukurasa huo wiki nzima na hakuna aliyeliona.

#13 · SitiYaMbele
#11 wewe unapaswa kukaa polisi, kitengo cha alama za vidole.

#14 · PumziYaUkurasa
Mnachunguza mstari, mimi nasema baridi ipo kwenye pumzi ya hadithi. Hesabu fremu, yaani visanduku vya picha katika kila ukurasa. Kama kurasa 22 za mwanzo zina wastani wa fremu tano, halafu za kumalizia zina tisa kwa sababu mnataka kubana skripti iingie, msomaji anahisi kusukumwa hata kama mstari ni uleule.

Na kuna jambo ambalo wamaliziaji wengi wanaliharibu bila kujua: mgeuzo wa ukurasa. Kitabu kinachosomwa kutoka kushoto, ukurasa wa shufwa unakaa kushoto, na ndio msomaji anaoukuta akigeuza. Mwandishi makini anaweka mshtuko hapo, na swali analiacha chini kulia kwenye ukurasa wa witiri. Sasa mkifuta ukurasa mmoja tu, tuseme wa 40, kila mshtuko baada yake unahamia kulia, na msomaji anauona kwa pembeni ya jicho kabla hajafika. Kitabu kizima kinapoa kuanzia hapo. Mkilazimika kufuta, futeni mbili mbili.

FundiRasimu, tengeneza jedwali kabla ya kuchora chochote zaidi. Mistari 64, na nguzo: skripti, kijirasimu, penseli, wino, maneno, idadi ya fremu, mshtuko upo au haupo. Jaza alichoacha yeye kwa rangi moja na mtakachoongeza nyinyi kwa nyingine.

#15 · Viputo24
Nakazia #14. Nyongeza kuhusu maneno, maana hakuna aliyegusa viputo vya maneno ya wahusika. Nadhani nusu ya baridi inatokea hapo. Kurasa 22 zina mwandiko wa mkono, jaribio lenu mmeweka fonti. Nina uhakika hata bila kuona.

#16 · FundiRasimu
Ni kweli, ni fonti.

#17 · Viputo24
Basi tengenezeni fonti kutokana na mwandiko wake. Kusanyeni kila herufi kutoka viputo vya kurasa 1–22, kwa sampuli zisizopungua tatu za A, I, U, K, N, M na W, kwa sababu Kiswahili kinazirudia sana. Zikiwa zote A zinazofanana kama pacha, jicho linagundua mashine. Programu za fonti zinaruhusu herufi mbadala zinazopokezana. Q na X huenda msizipate kabisa. Zichoreni kwa kuunganisha vipande vya O na V, muandike pembeni kuwa hizo ni zenu.

Maneno yetu ni marefu. "Hawakutuambia" ni herufi 13 kwa pigo moja. Tazameni yeye alivyolikata neno likigoma kuingia kwenye kiputo: alikata penye irabu, "hawaku-tuambia", au alikipanua kiputo? Fuateni alivyofanya. Na msitenganishe mb, nd, ng', sh wala ch.

Alama za mshangao pia. Wengine wanaweka moja, wengine tatu. Hesabuni.

#18 · JichoLaPili
Je, makosa ya tahajia yasahihishwe? Mara nyingi ndiyo kazi ya kwanza mhariri anayokimbilia.

#19 · Viputo24
Ambayo yeye mwenyewe aliyaandika kwa wino, yaacheni, hasa yakiwa kinywani mwa mhusika. "Siku izi" inaweza kuwa lafudhi ya bibi, siyo kosa. Kwenye skripti ghafi ambayo hakuipitia, sahihisheni herufi iliyopotea tu. Msibadilishe neno.

#20 · HakiYaKalamu
Kuhusu mshono, tazameni waliotangulia. Hergé, mchoraji wa katuni wa Ubelgiji, alifariki mwaka 1983 akiacha kisa cha mwisho cha Tintin kikiwa rasimu. Wosia wake ulikataza kumaliziwa. Jacobs, naye Mbelgiji, alifariki mwaka 1987, sehemu ya pili ya kisa chake cha mwisho cha Blake na Mortimer ikamaliziwa na Bob de Moor, ikatoka 1990. Miura, mchoraji wa katuni ya Kijapani Berserk, alifariki 2021, rafiki yake Mori akachukua kalamu akamaliza.

#21 · JichoLaPili
#20 ahsante, ila kuna mawili ya kusahihisha. Hergé: alichosema kuhusu kutoendelezwa kwa Tintin alikisema hadharani akiwa hai, na baada yake mjane wake ndiye aliyeamua. Bob de Moor, huyohuyo uliyemtaja, alikuwa msaidizi wake kwa zaidi ya miaka 30 na alitaka kukimalizia, hakuruhusiwa. Rasimu zikachapwa mwaka 1986 kama zilivyo. Kwa hiyo mtu mmoja, mkono mmoja: kwa kazi moja akakataliwa, kwa nyingine akaitwa. Tofauti mojawapo ni kwamba Jacobs aliacha skripti.

La pili: Mori hachori. Wanaochora ni wasaidizi wa Miura katika Studio Gaga, Mori anasimamia, na bado haijaisha. Ilirudi Juni 2022 kwa sharti alilolitangaza Mori mwenyewe: ataandika tu yale ambayo Miura alimsimulia, asichokikumbuka vizuri hatakiongeza. Sharti hilo ndilo la kuigwa hapa.

#22 · HakiYaKalamu
Nimepokea. Kuhusu haki basi, maana ridhaa ya familia peke yake haitoshi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha ulinzi kuwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Nchi nyingi, zikiwemo Marekani na za Umoja wa Ulaya, zimeweka 70. Mkataba huohuo, ibara ya 6bis, unalinda haki ya kutajwa kuwa mtunzi na haki ya kupinga kazi kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, na haki hizo hazifi naye.

Andikeni karatasi moja inayosema: kurasa mpya ni za nani, wahusika wanaweza kutumika tena au la, asili zinabaki wapi, mapato yanakwenda wapi, na nani ana neno la mwisho mkivutana. Familia ikiwa na watu wengi, ichague mmoja. Yote haya kabla ya wino, kwa sababu baada ya kitabu kutoka kila mtu anakumbuka makubaliano tofauti.

#23 · PumziYaUkurasa
Naona watu wanaegemea kuficha mshono. Mimi napinga. Kijana huyu hakuwa na mtindo mmoja uliokomaa. Linganisha ukurasa wa 2 na wa 22, nina hakika macho yamehama, shingo imerefuka, weusi umeongezeka. Mchoraji kijana anakua ndani ya kitabu chake. Mnapoiga, mnaiga ukurasa upi? Mkichukua wastani wa 22, mnapata mkono ambao haukuwahi kuwepo. Ndiyo baridi yenyewe hiyo.

Pendekezo langu: 24–31 zichapwe kwa penseli yake bila wino. 32–45, vijirasimu vyake vikuzwe. Skripti ya 46–58 ichorwe na mkono mwingine unaojitambulisha waziwazi.

#24 · NibuKongwe
Mkuu #23, kwa hoja ya kukua nakuunga mkono, na dawa yake ni kuiga kurasa 18–22 tu. Lakini kuacha penseli sikubali. Penseli ile aliichora ili ipigwe wino. Kuna msomaji wa miaka 12 atakayefungua kitabu hiki kutafuta hadithi, siyo kumbukumbu. Kumheshimu mwandishi wa hadithi ni kuhakikisha hadithi yake inasomeka.

#25 · Mchapaji_wa_Usiku
Mkichapa penseli, jueni ni mchakato mwingine. Mstari wa wino unachapwa mweusi mtupu. Penseli lazima ichapwe kwa ngazi za kijivu, na kijivu hutengenezwa kwa vitone. Mkiigeuza nyeusi tupu inakatika vipandevipande. Maneno yawekwe weusi asilimia 100 peke yake, yasichanganywe rangi nne, ili karatasi ikisogea kidogo yasitoke na kivuli. Akiba ya kukata milimita 3 kila upande. Kurasa 64 ni sahihi nne za 16 (sahihi kwa wachapaji ni fungu la kurasa zinazokunjwa kutoka karatasi moja kubwa), zimekaa vizuri. Mkitaka ukurasa wa shukrani na picha ya daftari, uingie kwenye zilizopo au muongeze kwa mafungu, siyo mmoja mmoja.

#26 · LeyaTisa
Kuna kitu #23 amekigusa akapita: weusi. Pima. Geuza kila ukurasa kuwa nyeusi na nyeupe, fungua histogramu (grafu ya weusi na weupe), andika asilimia ya weusi. Fanya kwa zote 22. Kama 18–22 zinacheza kati ya 30 na 35 na jaribio lenu lina 20, hamhitaji falsafa, mnahitaji wino zaidi.

#27 · SitiYaMbele
Na kurasa 59–64? Sentensi moja kwa kurasa sita. Nani ana ujasiri huo?

#28 · JichoLaPili
Kwa sharti la Mori, hakuna anayeweza kuziandika. Ningeiweka ile sentensi peke yake, kwa mwandiko wake, kwenye ukurasa wa 59.

#29 · NibuKongwe
Na kurasa tano zinazofuata ziwe tupu? Alipanga 64. Sentensi ile ni maelekezo ya picha. Kisima, bibi, kamba, bila maneno. Kurasa sita za kimya zinachoreka bila kumwekea neno lolote kinywani.

#30 · PumziYaUkurasa
Kimya nacho ni neno, #29. Nani ameamua sura ya bibi iweje pale?

#31 · FundiRasimu
Wakuu, nashukuru sana. Mrejesho.

Tumerudia ukurasa wa 24 kwenye A3, juu ya nakala ya samawati, mkono wa kulia, tukiiga 18–22 tu. Weusi umetoka asilimia 18 hadi 31. Umesogea karibu sana. Bado kuna kitu, lakini sasa watu wanasita kabla ya kunyoosha kidole.

Kubwa ni ukurasa wa 23. Tuliuskani kwa rangi kama #7 alivyosema. Kwenye chaneli ya bluu inaonekana penseli nyeusi tu: vidole vya bibi vimekunjuka, kamba inateleza. Kwenye chaneli nyekundu, ambako bluu huonekana nyeusi, ikatokea michoro mingine chini yake, ya penseli ya bluu, ambayo kwa macho tuliiona kama uchafu. Vidole vilevile, vimekunjwa, vimeikamata kamba kwa nguvu. Alianza na mkono ulioshika, akaubadilisha ukawa unaoachia, na wino wake umesimama kifundoni, palepale mikono yote miwili inapofanana.

Skripti ya ukurasa wa 58, fremu ya mwisho, imeandikwa: "Mkono uleule wa uk. 23." Haisemi upi.

#32 · KaratasiSafi
Msiguse 23. Chapeni chaneli zote mbili kwa A3, mziweke ukutani, na muangalie tarehe za daftari: sentensi ya kisimani iliandikwa kabla ya skripti ya 58 au baada yake?